Yehova ama Yahweh? Kuna msee anatuchanganya

kijana_wa_umoja
Wasee niko na swali. Kwa kikundi chetu cha maombi hapa Umoja ameingia msee anasema ati ukiomba kwa jina Yehova unapoteza wakati, ni Yahweh peke yake. Mamangu ameimba Yehova tangu nizaliwe na anajibiwa. Hili jina lilitoka wapi na nani anasema ukweli?

mwalimu_mstaafu
Kijana, kwa Kiebrania ni herufi nne tu, YHWH, manake zamani walikuwa wanaandika konsonanti bila irabu. Halafu Wayahudi kwa kuliogopa wakaacha kulitamka, wakilifikia wanasoma Adonai, yaani Bwana. Aliyekuwa akilitaja ni kuhani mkuu Siku ya Upatanisho kwa hekalu la Yerusalemu, na hilo hekalu lilibomolewa mwaka wa 70. Karne nyingi baadaye Wamasoreti, wale wasomi Wayahudi waliokuwa wakinakili maandiko, wakaanza kutia alama za irabu kwa maandiko, hapo kwa YHWH wakaweka zile za Adonai ndio msomaji akumbuke aseme Adonai, sasa Wazungu wakasoma konsonanti za hili na irabu za lile kwa pamoja, ikatoka Yehova. Tyndale, mtafsiri wa Biblia, akaliweka kwa Kiingereza 1530. Na Yahweh pia ni wasomi wamekadiria, wakiangalia vile mababa wa kanisa, wale walimu Wakristo wa karne za kwanza, waliliandika kwa Kigiriki, so huyo msee asijipige kifua sana.

mama_wawili
Na kwa Biblia yetu ya Kiswahili, Union Version, si iko? Kutoka 6:3 inasema YEHOVA wazi. Kwingine kwingi wameandika BWANA kwa herufi kubwa, ni hilo hilo.

otis_eastlando
Mi hunifurahisha jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu, karne ya 9 KK, lilipatikana Dhiban kule Jordan 1868 na sai liko Louvre, makumbusho ya Paris. Jamaa anajigamba vile alipiga Waisraeli akabeba vyombo vya YHWH. Imagini adui ndiye ametuwekea jina lenyewe kwa jiwe!

mkatoliki_wa_south_b
Sisi 2008 Vatican ilisema Yahweh isitamkwe kwa ibada wala nyimbo, tuseme Bwana. Kwa hivyo na sisi maombi hayafiki? 😂

kijana_wa_umoja
Shukran sana mwalimu na wengine. Tukikutana Jumatano namuuliza kwanza Haleluya huwa anaimba aje, na hiyo "Yah" ya mwisho ni ya nani.

mama_wawili
Muulize pia kwa Baba Yetu Yesu alitaja gani kati ya hizo mbili. Halafu urudi utuambie.