Nikiambiwa "tueleze kuhusu wewe" ulimi unakwama

Mtafuta kazi: Wakuu, Alhamisi nina usaili wa mhasibu msaidizi, wa tatu sasa. Ule uliopita nilifika mapema, shati limepigwa pasi, vyeti mkononi. Mwenyekiti wa jopo akasema tu "tueleze kuhusu wewe", nami nikaanzia shule ya msingi! Kabla sijafika sekondari, mmoja alishaanza kuangalia saa. Nifanyeje?

Mkongwe wa vitabu: Pole, ingawa umenichekesha. Nimekaa upande wa jopo mara nyingi. Historia ya maisha hatuihitaji, wasifu wako tunao mezani. Dakika moja na nusu inatosha: unafanya nini sasa, umewahi kufanya nini kinachofanana na kazi hii, kwa nini umeiomba. Kisha chukua tangazo la kazi, pigia mstari kila jukumu, na kila jukumu litafutie kisa. Wakigusa usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha hesabu za ofisi na za benki, usijibu "naweza". Eleza siku daftari la fedha lilipopishana na taarifa ya benki, ukapekua hadi ukaikuta hundi uliyoiandika lakini haijawasilishwa benki. Hapo hata aliyekuwa anasinzia huinua kichwa. "Mimi ni mchapakazi" tunaisikia kutwa nzima.

Dada Mkubwa: Jirekodi kwa simu, mdogo wangu. Mimi nilijisikiliza nikakuta "yaani" kila sentensi. Aibu tupu.

Mtafuta kazi: Shukrani. Wakiuliza kama nina swali?

Mkongwe wa vitabu: Uliza miezi mitatu ya kwanza utapimwa kwa lipi. Mshahara waache walianzishe wao.