Vifaa vya kuchezea vinavyowaka taa: swichi ya gololi, mguso au unga wa chumvi?

Mwalimu wa Awali, Njiro
Ndugu wadau, salaam. Nataka kuwatengenezea watoto wa miaka minne na mitano vifaa vinavyowaka pale wanapovichezea, na nimebaki na njia tatu: mchemraba wenye gololi ya chuma ndani, inayobingirika na kuunganisha nyaya, ubao wa kugusa unaoendeshwa na Arduino (saketi ndogo inayopangiwa programu), na unga uliokandwa kwa chumvi, ambao hupitisha umeme na kuwasha LED (taa ndogo ya umeme) iliyochomekwa ndani yake. Ipi ingefaa kuanza nayo?

Fundi, Kilombero
Mwalimu, anza na mchemraba. Mtoto akiugeuza taa inawaka papo hapo, akiurudisha inazimika, naye anatambua bila kuelezwa kwamba mkono wake ndio ulioleta mwanga. Betri tatu za AA hutoa volti 4.5 na LED nyekundu huhitaji takriban volti 2, kwa hiyo rezista ya omu 150 kwa kila taa itazuia mkondo usizidi miliampea 20. Funika taa kwa plastiki nyeupe ya chupa ya maziwa ili mwanga usambae, maana LED tupu ni kali kwa macho. Swichi za zamani zenye zebaki usizitumie kabisa, hata ukipewa bure.

Muuguzi, Moshi
Naunga mkono betri za AA, na naomba sana mtu yeyote asiweke zile bapa za saa kwa sababu tu ni ndogo. Mtoto akiimeza moja ikakwama kwenye umio (njia ya chakula), unyevu wa mwili hukamilisha njia ya umeme, na alkali inayozalishwa hapo huweza kuunguza vibaya ndani ya saa mbili. Hata betri iliyoonekana kuisha bado ina hatari hiyo. Kifuniko kifungwe kwa skrubu. Vilevile taa isimemete zaidi ya mara tatu kwa sekunde, kwani mmemeto wa haraka huweza kuamsha kifafa kwa baadhi ya watoto.

Mbunifu, Sakina
Mimi nisingeutupa ubao wa kugusa. Mtoto mwenye udhaifu wa mikono hawezi kuugeuza mchemraba, lakini kidole kimoja kinamtosha kwenye ubao, na programu inaweza kuongeza mwanga polepole kadiri anavyoendelea kugusa. Kasoro ya ubao ni kwamba ukiharibika, shule nyingi hazina wa kuutengeneza. Unga unafaa mkiwa mezani pamoja nao tu, kwa sababu LED yenyewe ni ndogo na miguu yake ya waya ina ncha kali. Mguu mrefu uingie donge la unga lililounganishwa na upande chanya wa betri, mfupi uingie la upande hasi, na madonge mawili yasigusane, la sivyo umeme utapita humo na taa haitawaka.

Mwalimu wa Awali, Njiro
Ahsanteni sana. Nina mtoto mwenye udhaifu wa mikono darasani, hivyo nitatengeneza mchemraba kwanza, kisha ubao mmoja wa kugusa kwa ajili yake. Fundi, naomba unieleze: gololi izibwe ndani ya bomba la plastiki kwa gundi ya moto, au kuna njia imara zaidi mchemraba ukiangushwa sakafuni?