Tupeane uzoefu: RAM yako inakimbia kwa kasi uliyoinunua?

Bisibisi
Wakuu, salama? Uzi huu ni wa waliojiundia kompyuta ya mezani wenyewe, au wanaowaundia wengine. Tuongelee kasi ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) tu: uliichaguaje, uliisetije, ikakufikisha wapi. Majedwali ya watengenezaji kila mtu anaweza kuyasoma, leteni yaliyowakuta.

Naanza. Jamaa aliniletea mashine yake, gemu zinakwamakwama. Prosesa nzuri, GPU (kadi ya michoro) nzuri, RAM ni ya kizazi cha DDR4 na lebo inasema kasi ni 3600. Kufungua Task Manager nakuta 2133. Tangu ifungwe hakuna aliyeingia BIOS (mipangilio ya madabodi) kuwasha XMP, yaani profaili ya kasi ya RAM. Wengi hawajui kwamba RAM ikichomekwa huamka na kasi ya kawaida ya JEDEC, shirika linalopanga viwango vya RAM. Ile ya kwenye lebo imehifadhiwa kama profaili ndani ya kichipu kidogo kwenye RAM yenyewe, na inabaki imelala mpaka uichague. Juu ya hilo, vipande viwili vilikuwa kwenye sloti za jirani, kwa hiyo chaneli moja tu (njia ya data kati ya RAM na prosesa) ndiyo inafanya kazi. Nikavihamishia sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, nikawasha profaili, mashine ikachangamka. Ukiniuliza kipi kilisaidia zaidi, nitasema chaneli kabla ya namba.

Kizibo
Yangu ni tofauti, profaili niliiwasha na haikusaidia. i5 ya kizazi cha 10, madabodi ya chipseti B460, RAM ya 3200 CL16 (CL ni mizunguko ambayo RAM husubiri kabla ya kutoa data). Nachagua XMP, nahifadhi, inawaka, nikiangalia kasi ni 2666. Narudia, ni ileile. Kumbe chipseti hiyo haipandishi RAM kupita kikomo cha prosesa, na kikomo cha i5 ile ni 2666. Ningekuwa na i7 ningepata 2933. Aliyetaka kwenda juu zaidi kizazi kile alihitaji Z490. B560 iliyofuata ndiyo ikaruhusu.

Nilichofanya: kasi nikaiacha hapohapo, nikabana CL kutoka 16 hadi 14. Vipande vilivyotengenezwa kuhimili 3200 havihangaiki vikiwa 2666, kwa hiyo nafasi ya kubana ipo. Ikatulia, natumia hivyo mpaka leo.

Jedwali
Kizibo amegusa jambo ambalo watu hulipita. CL peke yake haisemi kitu, ni hesabu ya mizunguko. Ukitaka muda halisi, chukua CL, zidisha kwa 2000, gawanya kwa kasi, unapata nanosekunde. 3200 CL16 ni 10. 3600 CL18 ni 10. DDR5 6000 CL30 nayo ni 10! Ila 6000 CL40 ni 13.3. RAM ya Kizibo kwa 2666 na CL16 ilikuwa 12, alipobana ikawa 10.5, karibu sawa na alichonunua. Mimi sasa nikichagua RAM nasoma namba zote mbili, na 6000 CL40 siinunui kama CL30 ipo na tofauti ya bei inavumilika.

Halafu msishtuke CPU-Z (programu ya kusoma taarifa za mashine) ikiwaandikia 1800 wakati mmenunua 3600. DDR husafirisha data mara mbili kwa kila mzunguko, kwa hiyo 1800 hiyo ndiyo 3600 yenu.

FeniTatu
Wenye AM5 (soketi ya AMD ya Ryzen 7000) nisikilizeni. Ryzen 7000, DDR5 6000, nimemaliza kufunga, nawasha: feni zinazunguka, skrini nyeusi tii. Mwenzangu aliyekuwa pembeni akanizuia nisizime. Dakika zikapita, picha ikaja. Mara ya kwanza madabodi huipima RAM kabla ya kuwaka, na kwa DDR5 kazi hiyo huchukua muda. Ukikata umeme katikati, unairudisha mwanzo.

Kisa cha pili ni cha mteja wa kuhariri video. Alikuwa na vipande viwili vya 6000, akaongeza viwili vya aina ileile. EXPO (profaili ya kasi ya AMD, kama XMP) ikakataa kabisa. AMD wenyewe kwa Ryzen 7000 wanahakikisha 5200 kwa vipande viwili, ukijaza sloti zote nne wanashuka hadi 3600. Tulitoa vyote tukaweka viwili vya GB 48. Kwenye DDR5, amua ukubwa unaoutaka siku ya kwanza, sloti mbili zilizobaki zione kama pambo.

MzeeWaFremu
Naheshimu uzoefu wenu ila namba hizi mnazikuza. Nacheza kwa 4K, GPU yangu inapumua kwa tabu muda wote. Nilitoka 3200 kwenda 3600, sikuona chochote. Tofauti niliiona kwenye mashine ya mdogo wangu isiyo na GPU, inayotegemea michoro ya ndani ya prosesa. Hiyo inakopa RAM kufanya kazi ya GPU, kwa hiyo kila kasi unayoiongeza inaonekana. Nilimwongezea kipande cha pili tu, na gemu iliyokuwa haichezeki ikachezeka.

Bisibisi
Hapo sikupingi, MzeeWaFremu. Ila niwaombe jambo: kuwaka si kutulia. Nimepokea mashine inayofungua Windows vizuri, lakini mafaili makubwa yaliyobanwa yanatoa kosa yakifunguliwa. Mwenyewe alishabadilisha diski bila mafanikio. MemTest86 (programu ya kupima RAM) kutoka kwenye flashi ikaonyesha makosa mapema tu. Nikashusha kasi hatua moja, makosa yakaisha. Baada ya kuwasha profaili, iacheni MemTest86 ikeshe.

Mgeni_wa_BIOS
Wakuu shikamooni. Nina kipande kimoja cha GB 8 DDR4 3200, prosesa Ryzen 5600. Nikiongeza kingine cha 3600 vitaelewana? Au niuze hiki nitafute jozi ya 4000?

Jedwali
Marahaba. Vikiwa pamoja vitakwenda kwa kasi ya yule wa polepole, yaani 3200, tena kama vitaelewana, maana vipande visivyo vya pakiti moja hakuna anayekuhakikishia. 4000 achana nayo. Kwa prosesa hiyo RAM inatakiwa iende sawa na Infinity Fabric (njia ya data ndani ya prosesa), na 1800 ndiyo ambayo nyingi hufika bila ubishi, yaani RAM ya 3600. Ukipita uwezo wake inabidi mgao uwe mmoja kwa mbili, na ucheleweshaji unaongezeka. Tafuta jozi ya 3600 CL16 au CL18. Usipoipata, ongeza kipande kinachofanana na chako, uwe na chaneli mbili za 3200.

Mgeni_wa_BIOS
Na BIOS ikigoma kuwaka kabisa baada ya kuwasha XMP?

FeniTatu
Zima, chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya CR2032 kwenye madabodi kwa dakika chache, rudisha. Mipangilio inarudi ya mwanzo na unaanza upya na kasi ya chini. Kumbuka kupiga picha za BIOS yako kwanza, feni zangu zote tatu zilianza kunguruma kwa sababu mpangilio wake nao ulifutika.