Argylle, The Gray Man na The Tourist: ipi ina nafuu?

JichoLaKati
Wakuu, habari za jioni. Nimetoka kuangalia Argylle na mdogo wangu, na moyo umeniuma kweli. Angalieni majina: Henry Cavill, Bryce Dallas Howard, Sam Rockwell, Bryan Cranston, Samuel L. Jackson, John Cena, Dua Lipa. Mwongozaji ni Matthew Vaughn, yule yule wa Kingsman. Inaelezwa Apple walitoa dola milioni 200 kuipata, halafu ilipoingia kumbini Februari 2024 haikufikisha hata milioni 100 dunia nzima.

Kinachonikera zaidi ni Cavill. Mabango yote ni sura yake, lakini kwenye stori yeye ni mtu wa kwenye riwaya, yumo kichwani mwa mwandishi Elly Conway. Anaanza vizuri kule Ugiriki, kufukuzana juu ya mapaa, kumbe tunasomewa kitabu. Kuanzia hapo anachungulia tu. Aliyekata tiketi kwa ajili yake kaonewa.

Sasa dogo anataka nyingine ya majasusi yenye mastaa wakubwa. Ninazo The Gray Man (2022) na The Tourist (2010), na zote nasikia ziliwavunja watu moyo. Nilinganishieni kabla sijachoma bando.

Mzee wa Mikanda
Mwanangu, chukua The Gray Man. Ina kasoro, lakini haikudanganyi. Ryan Gosling ni muuaji wa CIA aliyetolewa gerezani akapewa jina la Six, Chris Evans ni adui mwenye masharubu anayependa kutesa watu, na wanawindana toka Bangkok mpaka Prague. Ndugu wawili Russo, waliotoka kutengeneza Avengers: Endgame, walipewa na Netflix kama dola milioni 200, na kipande cha Prague kinaonyesha hela ilikokwenda. Gosling kafungwa pingu kwenye benchi katikati ya uwanja, polisi huku, mamluki kule, risasi kila upande, kisha mapigano yanahamia ndani ya tramu inayokimbia.

Shida yake? Sisi wa enzi za mikanda tulikuwa tunajua kabisa staringi hafi. Lakini picha nzuri inakusahaulisha hilo kwa saa mbili. Hii haikusahaulishi. Ndege inasambaratika angani naye yumo, anatoka, na wewe mapigo ya moyo ni yale yale.

BintiMakorora
Shikamoo mzee. Kwa Prague sina ubishi, ila mimi namshauri kaka achague The Tourist. Inategemea unaingia ukitafuta nini. Ukitafuta ngumi utalala. Ukitafuta Venice, nguo za Angelina Jolie, hoteli ya kifahari na treni inayotoka Paris, utafurahi. Na watu wanasahau kwamba iliingiza karibu dola milioni 280, wakati kuitengeneza ilikula kama milioni 100. Waliokatishwa tamaa ni wengi, lakini waliokwenda kuiona ni wengi zaidi.

Msomaji wa Tanga
Dada BintiMakorora, Venice nakupa. Lakini hiyo picha imeharibiwa na mastaa wenyewe, na hapa lazima nitoboe siri ya mwisho, asiyetaka aruke.

The Tourist imechukuliwa kutoka filamu ya Kifaransa ya 2005, Anthony Zimmer, ya Sophie Marceau na Yvan Attal. Stori ni ile ile: mwanamke anayefuatiliwa na polisi anamchagua abiria wa kawaida kwenye treni ili wamdhanie ndiye mhalifu anayesakwa. Mwisho tunaambiwa abiria yule ndiye mhalifu mwenyewe. Attal ana sura ya mtu wa kawaida, kwa hiyo unamwonea huruma na siri inakupiga kweli. Sasa mweke Johnny Depp, umwambie mtazamaji huyu ni mwalimu wa hesabu kutoka Wisconsin. Nani ataamini? Dakika ya kumi tu unajua ana jambo. Halafu yeye na Jolie hawana joto lolote, wanaongea kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Mwongozaji wake, Florian Henckel von Donnersmarck, filamu yake ya kwanza ndefu ilichukua Oscar. Uwezo alikuwa nao, ndiyo maana inauma.

BintiMakorora
Hoja ya Depp naikubali nusu. Pale anapokimbia juu ya mapaa ya Venice na pajama zake, mimi nilimwamini. Watu wa tuzo za Golden Globe waliiteua mara 3, tena kwenye kundi la vichekesho na muziki. Itazame hivyo, kama kichekesho cha taratibu, utaiona tofauti.

Kamba_Mbili
Wadau, salamu kutoka Mombasa. Niitetee Argylle kidogo. Yale mapigano ya ndani ya treni, ambapo kila Elly akipepesa macho Rockwell anageuka Cavill, kisha anarudi kuwa Rockwell, ni ubunifu mzuri sana. Laiti ingebaki hapo. Lakini kila baada ya muda wanakugeuzia stori: huyu si huyu, yule si yule. Ikifika pale Elly anapoteleza juu ya mafuta ghafi kwa visu alivyofunga kwenye viatu, nimeshaacha kujali nani yuko upande gani.

Ndugu JichoLaKati, kama kiu yako ni Cavill, ziache zote mbili. Tafuta The Man from U.N.C.L.E. ya Guy Ritchie, 2015. Nayo haikuuza sana, lakini humo anafanya kazi. Kuna sehemu amechomoka majini, kaingia kwenye lori la watu, kakuta chakula na mvinyo, anakula taratibu huku mwenzake wa KGB, majasusi wa Kisovieti, anazungushwa na boti za maadui nje ya kioo. Halafu uso unabadilika, anawasha lori na kulitumbukiza majini kwenda kumwokoa. Hapigi kelele, haongei, na unamjua ni mtu wa aina gani.

JichoLaKati
Asanteni wakuu. Mzee, shikamoo ya dogo hii hapa, amesoma na kesha lake leo ni Prague. Hiyo ya Guy Ritchie naishusha usiku huu bando likiwa la bei nafuu. Msomaji wa Tanga, hiyo Anthony Zimmer mwenye nakala yenye maandishi ya Kiswahili au Kiingereza chini aniambie, maana Kifaransa changu hakitoshi.