Tupeane uzoefu: spika inavuma hata muziki ukizimwa, wewe ulimkamata nani?

Wakuu salaam. Leo tusibishane nani ana spika kubwa. Nataka tuongelee ule "mmmmm" wa chini chini unaobaki ukisimamisha muziki usiku. Kila mtu husema "umeme mchafu", na mimi nilisema hivyo hivyo miezi kadhaa, nusura niiuze ampu (mashine ya kukuza sauti).

Sabufa yangu ina plagi ya pini tatu, ampu ina pini mbili, na ampu imeungwa na runinga. Nikazima runinga, mvumo upo. Nikaichomoa ukutani kabisa, mvumo upo! Nikaanza kuchomoa waya moja moja, sabufa ikivuma kama mzinga wa nyuki. Nilipofika kwenye waya wa antena nyuma ya runinga, kimya. Nikaurudisha, mvumo ukarudi. Nilichomoa na kurudisha kama mara kumi, nacheka peke yangu.

Kumbe antena ina njia yake ya kwenda ardhini huko nje, na sabufa ina yake kupitia plagi. Njia hizo mbili zikipishana hata volti kidogo tu, umeme unazunguka kupitia wavu wa nje wa waya wa sauti, na ampu inaukuza ikidhani ni muziki. Niliweka kitenganishi kwenye waya wa antena, kifaa kidogo kinachokata njia hiyo ya umeme lakini kinapitisha picha, na picha iko vilevile. Haya, nanyi?

Mama Santuri: Mimi nacheza santuri, kwa hiyo mvumo naujua kwa majina yake yote. Wa kwanza ulikuwa uzembe: ule waya mwembamba wa ethi (wa ardhini) unaotoka kwenye mashine ya santuri nilikuwa nimeuacha unaning'inia. Nikaufunga kwenye skrubu ya ampu, ukapungua sana lakini haukwisha. Siku moja nasogeza mkono wa sindano kuelekea katikati ya sahani bila kuushusha, nikasikia mvumo unapanda kadiri sindano inavyoikaribia ampu. Kumbe ni sumaku ya transfoma iliyo ndani ya ampu! Sindano inatoa milivolti 5 hivi, wakati sidii pleya inatoa kama volti 2, kwa hiyo chochote inachodaka kinakuzwa vibaya mno. Niliihamishia mashine upande wa pili wa meza, basi. Sikununua kitu.

Fundi Mstaafu: Wadau, kabla hamjafungua kitu sikilizeni mvumo wenyewe. Umeme wa 50 Hz (mawimbi 50 kwa sekunde, kama wa kwetu ukutani) ukiingia kupitia waya au kwa sumaku ya transfoma, mara nyingi unasikika mzito na laini. Ukisikia mkoromo wa juu kidogo, wa 100 Hz, shuku ndani ya ampu yenyewe, maana dayodi zikishanyoosha umeme mawimbi yanakuwa mara mbili. (Kwenye nchi za 60 Hz, kama Marekani, soma 60 na 120.) Kazi ya kapasita kubwa ni kuyasawazisha mawimbi hayo, na zikizeeka zinakauka. Niliwahi kuletewa ampu ya zamani, mwenyewe ameshabadilisha waya zote za nje. Nikafungua, kapasita mbili zimevimba kichwani kama mandazi. Ila msijaribu nyumbani, zinatunza umeme hata plagi ikiwa imechomolewa.

Kipanya: Yangu haikuwa kuvuma, ilikuwa kama wadudu. Kompyuta imeungwa kwenye spika, nikisogeza kipanya "zzriii", nikifungua ukurasa "zzriii". Nikachomoa chaja, zikabaki nyimbo tu! Nikirudisha chaja, wadudu wanarudi. Siku hizi nikitaka kusikiliza kwa utulivu natumia betri.

Baba Wawili: Mimi dawa yangu ilikuwa rahisi. Nilivunja pini ya ethi kwenye plagi ya sabufa, mvumo ukaisha siku hiyo hiyo. Mnajisumbua tu.

Fundi Mstaafu: Baba Wawili, tafadhali leo hii badilisha hiyo plagi. Ethi haikuwekwa kwa ajili ya sauti. Siku waya wa moto ukigusa bodi, yaani chuma cha hiyo sabufa, ethi ndiyo inayofanya fyuzi ikatike. Bila ethi bodi inabaki na umeme kimya kimya, inasubiri mkono. Na jina lako linasema nyumbani kuna watoto wawili.

Sikio Kavu: Ngoja niungame. Nilinunua waya mnene wa umeme, umesukwa kama mkia wa farasi, nikaapa besi imeongezeka. Mke wangu akaniambia nitoke chumbani, awe anabadilisha waya bila kunionyesha, nami nikirudi niseme ni upi. Nilikosea zaidi ya nilivyopatia. Nilikuja kufikiri baadaye: nyuma ya soketi kuna mita nyingi za waya wa kawaida ndani ya ukuta, huu wa mita moja na nusu ungewafunza nini? Naufungia televisheni sasa, unapendeza.

Mtu wa Sola: Mwangalie pia kinachovuma ni spika au ni boksi. Inveta yangu (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani) ni ya bei rahisi, haitoi wimbi laini la umeme, linapanda kwa ngazi. Nikihamia kwenye inveta transfoma ya ampu inakoroma yenyewe, hata spika nikizichomoa. Nimepoteza siku mbili nabadilisha waya za spika bure! Wekeni sikio kwenye boksi kwanza.

Baba Wawili: Nimerudi. Plagi mpya imefungwa, ya pini tatu, na mvumo umerudi kama ulikuwa unasubiri mlangoni. Nikafuata njia ya mleta mada, nikachomoa waya wa antena. Hola. Nikachomoa wa king'amuzi unaotoka kwenye dishi, ukakatika pale pale. Mtoto wangu mkubwa ameuliza kwa nini nimenyamazisha muziki. Nimemwambia muziki bado sijauwasha.