Tupeane uzoefu: udongo uliosimama wima kisha ukakugeuka

FundiKiamunyi: Nimepita mahali wanachimba mtaro, kuta wima, hakuna mbao hata moja ya kuzizuia. Mwili ukanisisimka. Nani yamemkuta?

Kondele2: Mimi. Shimo la choo Nakuru, futi 12. Asubuhi ukuta ulikuwa mgumu, jembe linaacha alama ya meno. Saa nane jua limekausha uso, punje zikaanza kutiririka, ssss, kama mtu anapepeta mchele. Nikamwambia kijana wangu toka. Akasema amalize karai moja. Ukuta ukamfunika mpaka kifuani. Tulifukua kwa mikono na sufuria, jembe tuliogopa litamkata. Kila akitoa pumzi mchanga unajaza nafasi, kuivuta tena hawezi. Alitoka hai. Ile ssss huniamsha hadi leo.

MamaWawili: Pole sana ndugu yangu.

MaabaraKisumu: Ni unyevu huo. Maji kidogo huvuta punje pamoja, yakikauka mshiko umeisha. Sisi hujaza mchanga mkavu kwenye mfuko wa mpira, tunanyonya hewa kwa pampu, tunatoa kalibu iliyoupa umbo. Unasimama, ukiugonga unalia kama tofali. Fungua vali, wote chini.

MwalimuKakamega: Ndiyo maana mwezini, kusiko na hewa, udongo ni mgumu. Mwaka 1971 keekee (mashine ya kutoboa) ya David Scott, mwanaanga wa safari ya Apollo 15, ilikwama kabla ya mita 3.

MaabaraKisumu: Hapana mwalimu, usichanganye. Mfuko wangu unakazwa na hewa ya nje inayoubana. Mwezini nje hakuna cha kubana. Na ile keekee ilikuwa na kasoro kwenye maungio, vumbi halikupanda.

MwalimuKakamega: La kubana nakubali. Lakini punje za kule zina ncha kali, hakuna maji wala upepo wa kuzisaga, na hazina utando wa hewa na unyevu wa kuzitelezesha. Msuguano unapanda. Buzz Aldrin, mwanaanga wa Apollo 11, aligonga bomba la kuchukulia sampuli ya udongo kwa nyundo, likaingia kidogo tu.

Kondele2: Nyinyi mko mwezini. Kijana wangu alikuwa Nakuru.

MwalimuKakamega: Samahani mzee.

BodaAhero: Mwagieni ukuta maji usikauke.

MaabaraKisumu: Usithubutu! Yakizidi mshiko huohuo unakufa. Kata mteremko.

MamaWawili: Plot ya futi 40 utakata mteremko wapi? Mbao.

FundiKiamunyi: Nimerudi pale mtaroni na simu mkononi, nikawasomea ya Kondele2. Wameweka mbao upande mmoja. Kesho asubuhi napita tena.