Mjadala: Je, barua za vibarua wa Kipolandi kwa waajiri wao Wajerumani ni ushahidi kwamba walitendewa wema?

Msomaji wa Pangani: Baadhi ya Wapolandi waliofanyishwa kazi katika mashamba ya Ujerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia waliendelea, baada ya kurudi kwao, kuandikiana na familia zilizowatumikisha, wakisalimia watoto na kuulizia mavuno. Naomba mniambie: barua hizo tuzipime vipi?

Bi Salma: Tuzipime kwa tarehe. Amri za tarehe 8 Machi 1940 zilimlazimisha Mpolandi kuvaa alama ya herufi P kifuani, zikamkataza kusali kanisa moja na Wajerumani, na aliyezini na Mjerumani aliweza kunyongwa. Barua za miaka hiyo zilipitia kwa wakaguzi. Zile za miaka ya 1990 ni jambo jingine, kwani wengi walikuwa wakitafuta hati ya kuthibitisha kwamba waliwahi kufanya kazi mahali fulani, na mtu anayehitaji karatasi kutoka kwako hakuandikii matusi.

Mkulima Halisi: Mbona hamtaji kwamba Wapolandi walikuwa wakienda Ujerumani kuvuna viazisukari tangu enzi za Kaizari, tena kwa miguu yao wenyewe? Mchuma janga hula na wa kwao.

Mjukuu wa Tengeru: Methali hiyo, Bwana Mkulima, ungeitunza kwa ajili ya nyumbani kwako. Enzi hizo za Kaizari walitakiwa kuondoka kila majira ya baridi ili wasilowee, na vita vilipoanza mwaka 1914, wale waliotoka upande wa Urusi wakazuiwa kurudi kwao. Mwaka 1939 waliojitolea walikuwa wachache, ndipo Hans Frank, gavana wa Kijerumani katika Polandi iliyotekwa, akatangaza kazi ya lazima mwezi Oktoba, kisha vijiji vikapangiwa idadi ya watu wa kutoa na wapita njia wakakamatwa barabarani. Sisi wa Arusha tunawafahamu Wapolandi, kwa maana wale wa kambi ya Tengeru walikimbia mashamba hayohayo.

Mkulima Halisi: Hawakukimbia mashamba ya Wajerumani hata kidogo. Wapolandi wa Tengeru walihamishwa kwa nguvu na Wasovieti, wakapelekwa Siberia na Kazakhstan, kisha wakapitia Uajemi mwaka 1942 kabla ya kuletwa Tanganyika. Ukiishi karibu na makaburi yao, angalau ujue waliolala humo ni akina nani.

Mjukuu wa Tengeru: Makaburi hayo nimeyafyekea nyasi, wewe umeyasoma tu. Aliyeng'olewa kwao na Stalin na aliyeng'olewa na Hitler hawakutofautiana katika kung'olewa, na hakuna hata mmoja wao anayestahili kuambiwa amechuma janga.

Msomaji wa Pangani: Jamani, tulikuwa kwenye barua.

Mkulima Halisi: Basi turudi kwenye barua. Kama mtu alimshukuru mwajiri wake kwa mkono wake mwenyewe, ile fidia iliyoanza kulipwa baada ya mwaka 2000 ilikuwa ya nini?

Bi Salma: Ilikuwa ya kazi ya kulazimishwa, wala haikuwa ya chuki. Mfuko ule wa fidia wa mark bilioni 10 ulichangiwa nusu na serikali ya Ujerumani na nusu na makampuni ya huko, na waliofanyishwa kazi mashambani ndio waliopewa kidogo kuliko wa viwandani na wa kambi za mateso. Mkulima aliyemkalisha Mpolandi kwenye meza yake alivunja agizo la serikali yake, na kwa hilo alistahili kushukuriwa. Lakini hakuwa yeye aliyemruhusu kibarua huyo kuondoka, kwa sababu ruhusa hiyo haikuwa mikononi mwake.

Mkulima Halisi: Kwa hiyo sasa umekubali kwamba wapo waliotendewa wema.

Bi Salma: Sijawahi kukataa, Bwana. Soma tena nilichoandika, na safari hii uanzie kwenye tarehe.